Mgeni aliniachia mbwa, leo ananitumia barua ya wakili

Mama_Utawala

Hamjambo nyote. Naomba msaada wa kisheria, na kama humu kuna wakili namsihi asome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili lina pande mbili na sitaki kuficha upande wowote.

Nina rafiki tuliyesoma naye chuo. Mwaka juzi alipoteza kazi, kodi ya Roysambu ikamshinda, nami nikamwambia aje kwangu Utawala akae mpaka mambo yatengemae. Alikuja na masanduku mawili na mbwa. Bosco, chotara wa German Shepherd, wakati huo bado mdogo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Habari za mbwa sikuwa nimeambiwa, ila nina ua na geti, na mwenye nyumba hana neno mradi majirani wasilalamike. Nikawakaribisha wote wawili.

Alikaa karibu nusu mwaka. Sikumdai kodi wala chakula, na hata leo simdai. Mgeni ni mgeni. Kisha akapata kazi ya hoteli Mombasa, akaondoka haraka haraka na basi la usiku. Bosco akabaki. Pale getini alisema, "Nikipata nyumba nitakuja kumchukua." Mama mkwe wangu alikuwapo, akasikia.

Baada ya hapo, kimya. Nikipiga simu haishikwi, nikiandika najibiwa baada ya wiki au sijibiwi kabisa. Ilipokaribia Krismasi akaniandikia kwenye WhatsApp, na nanakili maneno yake yalivyo: "Kaa na Bosco tu dadangu. Huku sijui nitatoka lini. Wewe ndiye mama yake sasa." Nikamjibu: "Asante, watoto watafurahi sana." Nikawaita wanangu nikawasomea. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna aliyemwita Bosco mbwa wa mgeni.

Mvua za masika zikaja na kupe. Asubuhi moja Bosco alikataa chakula, na Bosco hakatai chakula: nikianza tu kusonga ugali wake na omena, yeye yuko mlangoni pa jikoni, mate yanadondoka sakafuni. Siku hiyo alilala kando ya tangi la maji, hakuinua hata kichwa. Nilimfungua mdomo nikakuta fizi zimekosa rangi kabisa, na tundu moja la pua linatoa damu nyembamba. Teksi ya kwanza ilikataa kubeba mbwa. Dereva wa pili alikubali nikitandika leso kwenye kiti. Daktari alipima damu akasema ni ugonjwa wa kupe, akamwekea dripu, akamdunga sindano, akampa vidonge vya karibu mwezi mzima. Jumla ilikuwa Sh14,500, nyingine nilikopa kwenye chama. Nilimwandikia mwenzangu kwamba Bosco anakufa. Nikaona ameusoma ujumbe. Jibu halikuja.

Bosco alipona. Nimemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kadi ya chanjo ina jina langu, leseni ya kaunti ina jina langu. Mwanangu wa pili alikuwa anaogopa kutoka nje giza likiingia. Sasa hutoka kwa sababu Bosco yuko.

Sasa mwenzangu amerudi Nairobi, amepanga tena Roysambu, na anamtaka mbwa. Nilimwambia njoo nyumbani tuongee. Hakuja. Ikaja barua ya wakili: nimrudishe Bosco ndani ya siku saba au nilipe Sh60,000, la sivyo ataniripoti polisi kwa wizi. Niliisoma mikono ikitetemeka. Mtu niliyemfungulia mlango wangu ananiita mwizi.

Naomba kujua, Bosco ni wa nani kisheria? Naweza kukamatwa? Na ikiwa lazima nimtoe, pesa za matibabu nitazidai wapi?

Kijana_wa_Kayole

Pole sana mama. Mimi naona hivi: mpeleke Bosco kwa ndugu mashambani, hata Machakos si mbali, kisha umjibu huyo wakili kwamba mbwa alitoka getini akapotea. Mbwa wanapotea kila siku hapa Nairobi. Asipoonekana, kesi itatoka wapi? Huyo rafiki alimtelekeza mbwa akiwa mgonjwa, asije sasa akavuna asichopanda.

Wakili_wa_Milimani

Mama Utawala, pole, na asante kwa kueleza kila kitu hata yale yasiyokufaa. Kijana wa Kayole, naona unamhurumia mama, lakini ushauri huo utamponza. Mama, leo hii huna kosa lolote mbele ya sheria. Ukimficha mbwa na kusema amepotea, hapo ndipo utalitengeneza kosa kwa mikono yako mwenyewe, na mama mkwe na watoto watalazimika kuusema uongo huo nawe. Bosco abaki hapo hapo Utawala, asihamishwe, asiuzwe, asigawiwe mtu mpaka jambo hili liishe.

Kwa sheria za Kenya mbwa ni mali inayohamishika, kama pikipiki au kochi. Najua inauma kusikia hivyo kuhusu kiumbe uliyemuuguza. Kuna nchi zilizoanza kulegeza msimamo huo. Marekani, jimbo la Alaska tangu 2017 na California tangu 2019, jaji anayeamua kesi ya talaka anaruhusiwa kuangalia maslahi ya mnyama. Watu husoma hayo kwenye simu wakaja ofisini kwangu wakitaka hakimu amwite mbwa mahakamani aone anamkimbilia nani. Hapa kwetu swali ni moja tu: nani mwenye mali, na je, aliihamisha kwa mtu mwingine?

Siku ya basi la usiku hali ilikuwa wazi. Aliposema atakuja kumchukua, alikukabidhi amana. Mtunza amana hawi mwenye mali hata akikaa nayo miaka, na kuchelewa kurudi peke yake hakuhesabiki kuwa ameitupa. Wapo watakaokuambia kuna sheria ya kuuza mali isiyochukuliwa. Ipo kweli, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, lakini hiyo inahusu mali iliyopokewa katika biashara, fundi, dobi, gereji. Mwenyeji na mgeni wake hawamo.

Kisha ukaja ule ujumbe wa Krismasi, na kesi yako yote imelala pale. Ili kitu kiwe zawadi sheria inataka mambo matatu: mtoaji awe na nia ya kutoa, kitu kikabidhiwe, na mpokeaji akubali. Hakuhitajiki mkataba wala muhuri. Mbwa alikuwa tayari mikononi mwako. Ukakubali kwa maandishi. Kilichobaki ni nia. Je, "wewe ndiye mama yake sasa" ni mtu anayetoa, au ni mtu mwenye aibu anayebembeleza mwenzake aendelee kumlelea mbwa? Mimi nikikutetea nitasema ni zawadi, na zawadi iliyokamilika hairudishwi kwa sababu mtoaji amepata nyumba. Wakili wake atasema ni maneno ya kirafiki tu. Mwamuzi ataangalia kila mmoja wenu alifanya nini baada ya ujumbe huo. Kwa hiyo nijibu kwa ukweli: baada ya siku ile, aliwahi kutuma pesa yoyote ya mbwa? Aliwahi kutoa maagizo yoyote kumhusu?

Kuhusu polisi, tulia. Ni kweli mnyama wa kufugwa anaweza kuibwa. Kifungu cha 267 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivyo. Lakini wizi, kifungu cha 268, unataka uchukue kitu, au ukigeuze kuwa chako, kwa hila. Wewe uliachiwa. Na kifungu cha 8 kinamkinga mtu anayedai haki juu ya mali kwa imani njema bila nia ya kudanganya. Usingoje kuitwa. Nenda wewe mwenyewe kituoni na nakala ya barua, ya ujumbe na ya kadi ya chanjo, eleza kwamba huu ni mgogoro wa madai, uandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, uondoke na namba. Afisa akishaona karatasi hizo ni vigumu kukutendea kama mwizi.

Jambo moja la kuchunga. Kumzuilia mtu mali yake huwa kosa la madai pale mwenyewe anapoidai nawe ukakataa. Kabla ya barua ile huna kosa, hata kama Bosco ni wake. Sasa umedaiwa. Kwa hiyo usikae kimya, na usijibu kwa hasira ukaandika "simtoi kamwe". Jibu kwamba umepokea barua, kwamba unashikilia ulipewa Bosco, na kwamba uko tayari kukutana mbele ya mtu wa tatu. Jibu la namna hiyo linasomeka vizuri siku yoyote.

Na gharama. Hapa nina kesi ninayoipenda sana. Uingereza, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1874, mtu alisafirisha farasi wake kwa reli. Farasi alifika kituoni usiku, hakuna aliyekuja kumpokea. Kampuni ya reli ikampeleka kwenye zizi la kulipia. Mwenyewe akakataa kulipa, zizi likaendelea kuhesabu, mwishowe kampuni ikalipa pauni 17 na kumpelekea farasi wake nyumbani. Mahakama ikasema mwenye farasi lazima arudishe pesa hizo, kwa kuwa aliyeachwa na mnyama hai hawezi kumwacha afe njaa. Sheria yetu ya Mahakama, Sura ya 8, kifungu cha 3, inazikaribisha kanuni za aina hiyo za Uingereza zilizokuwapo kufikia Agosti 12, 1897, kwa kadiri zinavyofaa hapa. Tena huku kwetu kumwacha mnyama ateseke ni kosa la jinai chini ya Sura ya 360. Hukuwa na njia nyingine ila kumtibu.

Ila ujue huwezi kula mkate kote kuwili. Bosco akiwa wako kwa zawadi, dripu ililipiwa mbwa wako na hakuna wa kukurudishia. Akiwa wake, gharama za lazima ni juu yake. Kwenye madai utaandika kwa ngazi: kwanza kwamba ulipewa, na mahakama ikikataa hilo, basi ulipwe. Na usimshikilie mbwa kama rehani ukisema "nilipe kwanza". Sheria haimpi mlishaji wa mnyama haki hiyo bila mapatano.

Mama_Utawala

Mungu akubariki wakili. Nimesoma mara kadhaa, nimemsomea na mume wangu.

Umeniuliza kuhusu pesa nami nimeingia kwenye rekodi zangu za M-Pesa nikaangalia. Januari, wiki chache baada ya ule ujumbe, alituma Sh2,000, na kwenye WhatsApp akaandika "ya chakula cha Bosco". Hakutuma tena mpaka leo. Maagizo hakuwahi kutoa, hata nilipouliza kama nimhasi alisema "fanya unavyoona". Sijui kama hii inaniharibia.

Wakili_wa_Milimani

Inakupunguzia, mama, siwezi kukudanganya. Mtu aliyetoa zawadi hatumi pesa ya kuilisha. Wakili wake akiiona hiyo Sh2,000 ataishika kwa mikono miwili. Lakini "fanya unavyoona" inarudi upande wako, kwa sababu mwenye mbwa ndiye huamua ahasiwe au la, na kunyamaza kwake Bosco alipokuwa anakufa kuna uzito pia. Ukiniuliza kwa uaminifu, kwenye umiliki naona nusu kwa nusu. Kwenye gharama uko imara zaidi.

Ikifika mahakamani, pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Ilianza kazi 2021, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na kifungu cha 12 cha sheria yake kinataja waziwazi kurudishiwa mali inayohamishika. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, unaweza kuzungumza Kiswahili, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine. Hata hivyo usifute chochote kwenye simu. Piga picha za mazungumzo yote, pamoja na tarehe, yaliyo yako na yaliyo dhidi yako. Ukikata kipande kimoja na mwenzako akaleta kizima, hutaaminiwa tena hata kwa lile la kweli.

Nilikuwa_Doha

Samahani, mimi nataka kuusemea upande wa yule rafiki, kwa sababu nilikuwa yeye.

Nilimwacha paka wangu kwa dada mmoja South B nikaenda kazi Doha. Niliahidi mengi. Nilipofika huko, mshahara wa miezi ya kwanza ulikatwa wa ajenti, na simu ya kutoka nyumbani ilinipa hofu kwa sababu kila anayepiga anataka kitu nisicho nacho. Dada huyo alipoandika kuhusu paka, niliusoma ujumbe nikaweka simu chini. Nilikuwa nampenda paka yule. Sikuwa na shilingi ya kutuma, na sikuwa na maneno.

Nilipoandika "kaa naye" nilimaanisha tafadhali usimtupe. Sikumaanisha si wangu tena. Niliporudi, dada alikataa kunifungulia. Sikwenda kwa wakili kwa kuwa sikuwa na pesa ya wakili. Paka yule alikuwa wa marehemu mama yangu. Hakuna aliyeniuliza kama ana hadithi.

Mama Utawala, simtetei kwa barua hiyo, neno "wizi" lilikuwa baya na anapaswa kukuomba radhi. Lakini nakuomba umuulize kwa nini anamtaka Bosco. Huenda hujui alimpata kwa nani.

Daktari_wa_Mifugo

Nimefuata mazungumzo haya kwa hamu. Nina machache ya kitaalamu.

Kadi ya chanjo na leseni ya kaunti zinaonyesha nani anamtunza mbwa na anawajibika kwake. Hazisemi ni nani aliyemnunua. Wateja wengi huja kliniki wakidhani jina kwenye kadi limemaliza ubishi. Ni ushahidi mzuri wa uangalizi, na hapo ndipo uishie. Chipu ya chini ya ngozi nayo ni vivyo hivyo: inaonyesha aliyesajiliwa, basi. Mama, nenda kliniki uombe rekodi nzima ya matibabu ya Bosco, ikiwa na tarehe, vipimo na malipo. Daktari yeyote makini ataitoa.

Hiyo Sh60,000 naitilia shaka. Mbwa wa damu safi huwa na karatasi za usajili, na hapa Nairobi wanaosajili ni East Africa Kennel Club pale Jamhuri. Chotara hana karatasi hizo. Mtu anayedai thamani hiyo kwa chotara ataombwa aonyeshe aliitoa wapi.

La mwisho ni la Bosco mwenyewe. Mbwa aliyewahi kuugua ugonjwa wa kupe anaweza kurudiwa. Baadhi ya wadudu wa ugonjwa huo hujificha mwilini, na wengine huja upya na kupe wapya. Yule kupe wa kahawia anaishi kwenye nyufa za kuta na kibanda, haishi kwa mbwa tu. Popote atakapokaa, awekewe dawa ya kupe kwa ratiba, na fizi zake ziangaliwe kila wiki. Damu puani si ya kungoja kesho. Akihamishwa bila rekodi, daktari mpya ataanza kupapasa gizani, na hapo mbwa anaweza kufa kwa ugonjwa ambao tunajua kuutibu. Kama mtaandikiana mkataba, nawasihi hili liwemo.

Mama_Utawala

Nimerudi kuwapa habari kwa sababu mmenibeba kwa kweli.

Nilikwenda kituoni, nikaandikisha, nikapewa namba ya OB. Afisa mama alisoma barua akasema hayo ni ya mahakama ya madai. Kisha nikamjibu wakili wake kama nilivyoelekezwa. Jioni hiyo hiyo mwenzangu alinipigia mwenyewe, mara ya kwanza tangu arudi. Tukakubaliana kukutana Jumamosi kwa mzee wetu wa nyumba kumi, ambaye sisi wote wawili tunamheshimu kwa kuwa ndiye aliyemwandikisha alipokuja kukaa kwangu.

Dada wa Doha, nilimuuliza swali lako kabla ya lolote. Alilia. Bosco alipewa na kaka yake, na kaka huyo alifariki mwaka huo huo aliokuja kwangu. Tulikaa nyumba moja karibu nusu mwaka na hakuwahi kuniambia. Nilijua kuna msiba; sikujua mbwa alitoka wapi. Mimi pia nililia. Lakini nilimwambia vilevile jinsi nilivyomwandikia Bosco akiwa kwenye dripu na yeye akanyamaza, na kwamba neno wizi limenikaa kifuani. Aliomba radhi mbele ya mzee.

Gharama amezikubali: matibabu yote na chanjo, tukaacha chakula, atalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa. Kuhusu Bosco mwenyewe hatukumaliza. Anakoishi Roysambu ni ghorofa ya nne na mwenye jengo hataki mbwa. Hilo alilisema mwenyewe, mzee alipomuuliza mbwa atalala wapi. Mzee akapendekeza Bosco abaki kwangu mpaka mwisho wa Desemba. Akipata nyumba yenye ua kufikia hapo, atamchukua pamoja na rekodi zake. Asipopata, Bosco awe wangu moja kwa moja, naye aje kumwona atakapo. Mimi nimekubali kwa shida. Yeye amesema atafikiria mpaka Jumatano.

Swali langu kwa wakili: akikubali, tunaandikaje ili kesho tusirudi tena hapa?

Wakili_wa_Milimani

Mmefanya kazi ambayo mahakama ingewachukulia miezi miwili na urafiki wote. Katiba yetu, kifungu cha 159, inahimiza migogoro imalizwe kwa njia hii, na makubaliano yaliyoandikwa vizuri ni mkataba kamili unaoweza kutekelezwa.

Andikeni kwa Kiswahili chenu cha kawaida. Majina kamili na namba za vitambulisho vya wote wawili. Mtaje mbwa kwa alama zake, rangi, umri wa kukadiria, na namba ya chipu ikiwapo, isije ikasemwa ni mbwa mwingine. Taja jumla ya gharama kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi cha kila mwezi, na tarehe ya kwanza ya malipo. Deni liwe kifungu chake peke yake: akikosa mwezi mmoja unamdai pesa, humzuilii mbwa. Na yale ya daktari yaingie, dawa ya kupe na rekodi kumfuata mbwa.

Kifungu cha Desemba ndicho kitakachowagombanisha kikiwa kilegevu. Usiandike "akipata nyumba". Andika tarehe 31 Desemba, andika kwamba alete nakala ya mkataba wa kupanga wenye ua na unaoruhusu mbwa, na mzee athibitishe kwa kuiona. Kisha andika kwamba tarehe hiyo ikipita bila nakala, yeye anakupa Bosco kuwa mali yako na hatamdai tena, nawe unampokea. Aliandike hilo kwa mkono wake. Mwambieni pia wakili wake aiondoe ile barua kwa maandishi, na tishio la polisi litajwe kwa jina kuwa limeondolewa.

Nakala tatu, yake, yako na ya mzee. Mama mkwe atie sahihi kama shahidi, kwani yeye ndiye aliyesikia maneno ya getini.